Kura ya Aliyekuwa Ameketi

Waswa hapendi kuguswa, lakini mabega aliyoyagusa yeye katika Kisumu hii hayahesabiki. Nina maana hayahesabiki na mtu mwingine, kwa sababu yeye mwenyewe angekupa idadi. Ni fundi wa cherehani sokoni Kibuye, sehemu ya nguo. Kazi yake ni kufupisha suruali za mitumba zilizoshonewa watu wenye miguu mirefu kuliko yetu. Mimi nauza mapazia hatua nne kutoka kwake, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu.

Ametoka Chwele, upande wa Bungoma, akaja hapa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane na cherehani ya kukanyaga ambayo anaikanyaga hadi leo. Anakaa Migosi na mkewe Nasipwondi, anaimba besi kanisani, anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari, na huwezi kumfanya aseme "kama ishirini hivi." Ni kumi na tisa au ni ishirini. Mteja akimwambia atapitia suruali yake saa tisa au saa kumi, Waswa anaweka sindano chini na kumngoja achague. Ni mtu wa kuudhi, ukweli usemwe, na nimemuudhikia miaka mingi bila kumchukia.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi yake ya pili. Zamani kidogo kwaya ya kanisa lao iligawanyika juu ya nani awe mwenyekiti, wakapiga kura mara mbili na mara zote mbili wakagombana juu ya hesabu. Mchungaji akamtoa Waswa kwenye besi, akamwambia ahesabu yeye. Akahesabu, watu wakanyamaza. Tangu siku hiyo kila penye ushindani wa watu kupanga mlolongo aliitwa yeye: vyama vya akina mama, kamati za maji, wazee wa mtaa, hata kamati za matanga. Miaka kumi na minane alihesabu, na hakuna aliyewahi kumwambia arudie.

Sisi hatupendi kura za karatasi sokoni, karatasi zina maneno mengi baadaye. Wagombea wanasimama mbele wakiwatazama watu, na kila mtu anajipanga kwa amtakaye, mchana kweupe, jirani yake akimwona. Waswa anaanza kichwani mwa mstari. Anakugusa bega, anataja namba yako kwa sauti ile ya besi, nawe unachuchumaa. Sheria yake ilikuwa hiyo moja: aliye chini amehesabiwa, aliyesimama bado. Mawakala wa pande zote mbili wanamfuata nyuma, lakini nao walishamzoea, wanamfuata tu kama watu wanaosindikiza mgeni.

Kisha anatangaza, na hapo alikuwa na maneno yake ambayo sote tulikuwa tukiyangoja. Tofauti ikiwa ya kumi hivi (yeye angesema kumi kamili) alisema mtu ameshinda kwa mbinde. Ikishuka hadi tatu au nne, alisema chupuchupu. Ikiwa ni moja, alisema fulani amepita tundu la sindano, na kwa kuwa ni fundi, watu walicheka hata kama wameshindwa. Lakini mtu akipigwa vibaya, Waswa hakuweka neno lolote, alisoma namba mbili akakaa. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema aliyeanguka kutoka juu haongezewi jiwe.

Sasa nije kwenye mwaka huu. Mwenyekiti wa sehemu ya nguo alizeeka, akarudi kwao. Kwa kawaida kiti hicho ni cha kugombana na wachafuzi na kuandika majina ya waliofiwa, lakini safari hii kulikuwa na habari kwamba mitaro mipya itachimbwa na vibanda vitasogezwa. Atakayekuwa mwenyekiti ndiye angeonyesha nani aende wapi. Mahali pa biashara Kibuye ni kama mguu wako. Ukihamishwa kutoka njiani hadi nyuma kwenye matope, wateja wako hawakufuati, wanasahau hata jina lako.

Wakasimama wawili. Oketch, muuza viatu, mtu wa watu, sauti kubwa, hana baya. Na Bilha, muuza sweta za watoto, Mkikuyu. Lazima niliseme hilo la Ukikuyu kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Bilha amezaa na kulea Kisumu, Kijaluo chake kinanishinda mimi niliyezaliwa Awasi. Mwaka ule mbaya wa fujo za uchaguzi, Wakikuyu walipofukuzwa Kisumu, alibeba watoto akaenda kwa dada yake Nyahururu, miezi mitano. Akarudi, akatandika turubai lake palepale, hakuuliza nani alifanya nini. Hatukuzungumza naye habari hiyo hata siku moja. Kusimama kwake kugombea kulitushtua sote, nadhani kulimshtua na yeye.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ambayo soko hupumua baada ya Jumapili. Mimi nilisimama kwa Bilha. Nilimpenda, na pia nilimwona anajua kuandika barua. Mbele yangu alikuwa mama Akello, muuza leso, ambaye magoti yake yalishamkataa, kwa hiyo alikuja na kigoda chake akakaa katikati ya mstari. Mbele yake alikuwa Antony wa mikanda. Mistari ilipokamilika nilinyoosha shingo nione, nikashindwa kusema upi mrefu. Watu waliacha kuongea, na kwa Kibuye hicho ni kitu cha kuogofya.

Waswa alihesabu wa Oketch: mia moja na kumi na saba. Akaja kwetu. Alipotugusa na kupita, nilichuchumaa, mapaja yananiwaka, nikisikiliza ile sauti ikienda nyuma. Mia moja na kumi na nne. Na kumi na tano. Na kumi na sita. Kisha ikanyamaza. Sote tuligeuka kuangalia kama kuna mtu mwingine, na hapakuwa na mtu.

Waswa akatangaza kwamba Oketch amepita tundu la sindano. Wengi walipiga kelele, wengine walishika vichwa. Bilha alisimama pale mbele akitutazama, mdomo wazi kidogo, kisha akaenda kumpa Oketch mkono. Akasema maneno ambayo yalirudiwa sokoni wiki nzima: "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kama ni Waswa amehesabu, mimi nimeshindwa."

Jambo la ajabu ni kwamba baada ya hapo Bilha alinenepa kwa furaha. Nilitazamia anune, asinune. Alikuwa akiwaambia wateja, wauza samaki, hata watu wa pikipiki: nilishindwa na kura moja. Alilisema kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Mimi nilidhani ni ujasiri wa usoni tu. Sikufikiri zaidi, nilikuwa na mapazia ya kuuza.

Wiki tatu zikapita. Siku moja kabla ya saa sita mama Akello alikuja kwa Waswa na sketi ya kushonwa upindo. Akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kumsifu kama wazee wanavyosifu wanapotaka kazi ifanywe haraka. Akasema vijana wa siku hizi hawana adabu, lakini Waswa amelelewa.

"Hata ile siku ya kura," akasema, "hao wengine ulikuwa unawagonga bega kama ng'ombe ya mnada. Mimi ulinipita na heshima. Mzee anahesabiwa na macho tu."

Cherehani ilisimama. Mimi nilikuwa nakunja pazia na niliinua kichwa kwa sababu ya ule ukimya. Waswa alikuwa ameshika ile sketi, hapepesi macho. Akamuuliza mama Akello polepole kama ana hakika hakumgusa. Mama akasema ana hakika, kwani bega lake la kushoto lina maumivu, na alikuwa amejiandaa aumie. Waswa akamuuliza alikuwa amekaa au amesimama. Mama akacheka, akasema yeye husimama lini?

Antony aliitwa kutoka kwenye mikanda yake. Watu hawasahau namba zao za mlolongo, sijui kwa nini, tunazishika kama siku ya kuzaliwa. Antony akasema yeye alikuwa sitini na tatu. Kisha Waswa akanigeukia mimi, na naapa nilitaka kusema sikumbuki.

"Winny, wewe ulikuwa namba gani?"

"Sitini na nne."

Nilisema kabla ya kufikiri. Kisha nikafikiri. Kati ya sitini na tatu na sitini na nne alikuwa ameketi mtu mzima mwenye kilo themanini, na hakuwa na namba. Aliye chini amehesabiwa, aliyesimama bado: Waswa alifika, akamwona yuko chini, mkono wake ukaruka wenyewe. Mawakala nao waliona mtu aliye chini. Sote tulimwona, mimi nilikuwa nikipumua kwenye kitambaa chake cha kichwa. Mia moja na kumi na saba kwa mia moja na kumi na saba. Hakuna aliyepita tundu lolote, ilikuwa sare.

Sijawahi kumwona mwanamume akishtuka namna ile bila habari ya kifo. Alianza kuhesabu vidole vyake, kumi, akarudia, kumi. Mimi, kwa akili yangu nzuri, nilimwambia tunyamaze. Nilimwambia tuko watu wanne tu, Oketch ameshaanza kazi, Bilha mwenyewe ameridhika, na mama Akello hajui alichokisema. Nilimkumbusha jina lake, miaka kumi na minane. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema jina lake ndilo lililohesabu vibaya. Akafunika cherehani.

Alikwenda kwanza kwa Oketch. Oketch alikasirika, alipiga kiatu juu ya kiatu, akasema kura si ugali wa kurudishwa jikoni. Lakini alipotulia akasema hataki kukalia kiti ambacho nusu yake ni ya mtu, watu warudi kwenye mstari. Nimesema hana baya. Kisha Waswa akaenda kwa Bilha, mimi nikimfuata nyuma kama wakala. Alimweleza kwa maneno machache na namba nyingi. Bilha alikaa chini juu ya sweta zake. Alishika kifua, akauliza mara mbili, "Mimi sikushindwa?" Waswa akamwambia hakushindwa, wala hakushinda. Machozi yalimtoka, na sote tulidhani tunajua ni ya nini.

Wiki hiyo ilikuwa ya aibu kwa Waswa. Watu walewale walioagiza hesabu yake kama dawa sasa walifukua kila kitu. Mwanamke mmoja wa kwaya alitoka Migosi hadi sokoni kudai uenyekiti wa zamani. Mzee mmoja aliyeshindwa kamati ya maji kwa kura arobaini, arobaini nzima, alitaka kujua ni wangapi walikuwa wamekaa. Waswa alimjibu kila mmoja kwamba hajui. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alipungua. Alikosea upindo wa suruali mbili, moja ikatoka mguu mmoja mfupi kuliko mwingine kwa inchi nzima, na mwenye suruali alicheka akidhani ni utani.

Mlolongo wa pili ulikuwa Jumatatu iliyofuata. Waswa alikataa kuhesabu, akaletwa karani kutoka nje mwenye kalamu na karatasi. Na hapa ndipo nafika kwenye jambo langu, ambalo ningeweza kuliruka kama Waswa alivyomruka mama Akello, na hakuna ambaye angejua.

Nilitoka kwenye kibanda changu nikienda kwa Bilha. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Lakini zile wiki tatu Oketch alikuwa ameonekana na watu wa mitaro, amevaa kofia yao ya plastiki, anaonyesha huku na huku. Mara ya kwanza tulisimama kati ya watu wawili waliokuwa sawa. Sasa mmoja alikuwa mwenyekiti na mwingine alikuwa Bilha. Nilisimama katikati ya uwanja nikaona watu wa mstari wangu wa zamani wanapinda mmoja mmoja. Antony akapinda. Nikafikiria kibanda changu, kona yangu nzuri karibu na njia, na miguu yangu ikaenda upande wa Oketch. Watakaosema Mluo kamfuata Mluo waseme. Ulikuwa ni woga tu, woga wa kona. Na niseme mapema kwamba mitaro imechimbwa, na Oketch hajamhamisha mtu hata mmoja kwa hila.

Bilha alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mstari wake ulianza vizuri, mama Akello akiwa wa kwanza kabisa na kigoda chake, kisha ukakatika. Uliishia mahali ambapo wetu ulikuwa bado haujafika katikati. Nilimtafuta Waswa kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na cherehani, na ninajua alikuwa ameshahesabu mistari yote miwili kabla karani hajafungua kalamu, kwani alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Oketch, mia moja na sitini na tatu. Bilha, sabini na moja. Karani alisoma, akakunja karatasi yake. Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani wengi tulikuwa tumeshtukia idadi yetu wenyewe, kwa sababu kila mmoja aliyepinda alijidhania kuwa yuko peke yake.

Alasiri Bilha alikuja kwa Waswa. Alikuwa bado na lile gauni. Mimi nilijifanya napanga mapazia ambayo yalikuwa yamepangwa. Waswa alisimama kumpa kiti, akaanza kuomba msamaha kwa ile hesabu ya kwanza, na Bilha akainua mkono kumnyamazisha. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Wewe ni mtu ya ukweli, Waswa, sitasema kitu ingine," akasema. "Lakini hizo wiki tatu nililala vizuri. Nilipigia dada yangu Nyahururu, yule alinificha, nikamwambia watu mia moja na kumi na sita ya Kibuye wamesimama na mimi, mchana, kila mtu akiona. Akalia kwa simu. Sasa nitamwambia nini? Hiyo kura moja ungeniachia tu nishindwe nayo."

Waswa alikaa kwenye kiti alichokuwa amempa Bilha. Yeye mwenye neno kwa kila tofauti.

Nikafikiri nimepona. Nikafikiri atainuka aende zake na mimi nitabaki na dhambi yangu ndogo kati ya watu mia moja na sitini na watatu. Lakini Bilha alinigeukia. Alinitazama kwa upole uleule anaowatazamia watoto anapowapimia sweta.

"Ile siku ya kwanza, Nyar Awasi, sikuangalia nyuso," akasema, akiniita binti wa Awasi kwa Kijaluo. "Nilikuwa naangalia vile laini ni refu. Leo ilikuwa fupi, nikapata nafasi ya kuangalia mtu mmoja mmoja."

Nilikunja pazia lililokuwa mkononi, ingawa lilikuwa limeshakunjwa. Hadi dakika ile nilijiona mtu mwema wa kawaida. Bilha alimwambia Waswa kwamba ana sweta tatu za kushonwa vifungo na atazileta kesho asubuhi. Waswa akamuuliza vifungo vingapi. Bilha akasema hajui, atavihesabu akifika nyumbani. Kisha akaenda kufunga biashara yake, na alipopita kibandani kwangu aliinua pazia lililoanguka akalirudisha mahali pake.